Siko seli na kazi: bosi umwambie lini, na umwambie nini hasa?

Chupa ya Maji (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huwa nasoma kimya kimya humu, leo nafungua uzi kwa sababu kuna kijana kaniuliza faragha swali ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka 11 na waajiri watatu kulijibu, na mmoja kati ya hao watatu hata hakuniajiri. Ukiwa na siko seli (selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), kazini useme au unyamaze?

Mimi ni SS, yaani nimerithi kinasaba cha siko seli kwa wazazi wote wawili, nina miaka 34, mhasibu.

Kazi ya kwanza nilinyamaza kabisa. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza moja kwa moja juu ya meza yangu, na mimi mgeni, naanzaje kulalamika? Nikawa navaa sweta na kujikaza. Maji nikawa sinywi, maana nikinywa lazima niende chooni, na msimamizi alikuwa na tabia ya kuangalia saa kila nikinyanyuka. Mashujaa wenzangu wa siko seli hapo mshajua mambo yanaishia wapi: baridi, kiu, halafu kufunga hesabu za mwaka mpaka usiku wa manane. Usiku wa tatu mgongo na miguu vikashika. Siku nne wodini. Niliporudi nikasema ilikuwa homa tu.

Homa hiyo mwaka ule ilinipata mara tano. Macho yakiingia manjano, watu wanapata ushahidi: huyu mlevi. Kuna mmoja alinivuta pembeni, kwa upole kabisa, akanishauri nipunguze pombe, mimi ambaye sijawahi kuionja. Mkataba ulipoisha haukuhuishwa. Barua ikasema "mahudhurio yasiyoridhisha". Na ukiangalia kwa walichokuwa wanakiona wao, kweli hayakuridhisha. Hilo liliniuma kuliko kuachishwa kwenyewe.

Nikajifunza, au nilidhani nimejifunza. Usaili uliofuata nikamwaga kila kitu kabla hata sijaulizwa: chembe nyekundu zinavyojikunja kama mundu, zinavyokwama kwenye mishipa midogo, kwamba zangu zinaishi siku 10 hadi 20 wakati za mtu mwingine zinafika 120. Niliona nikiwaelimisha wataelewa. Walisikiliza vizuri, mama mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Simu haikupigwa.

Mara ya tatu nilisubiri barua ya ajira, nikasaini, halafu wiki ya kwanza nikapeleka karatasi moja kwa afisa utumishi na nakala kwa msimamizi wangu. Ugonjwa ulikuwa na sentensi moja tu. Zilizobaki zote zilikuwa mahitaji: meza isiwe chini ya kiyoyozi, chupa ya maji iwe mezani na nikienda chooni nisihesabiwe, siku za kliniki hizi hapa, za miezi sita mbele, wakati wa kufunga hesabu nitafanya saa za ziada lakini si siku tatu mfululizo, nikishikwa nitatuma ujumbe mfupi mapema, na kazi zangu zitakuwa kwenye faili fulani ili mtu mwingine aendelee. Basi. Nipo hapo mwaka wa saba.

Msimamo wangu ni huu, mnipinge: bosi hana la kufanya na neno "selimundu". Atakuogopa au atakuhurumia, na yote mawili ni hasara kwako. Lakini "nisogezeeni meza" anaweza kuifanya kabla ya saa nne asubuhi. Msimpe ugonjwa, mpeni kazi ya kufanya.

Karibuni.

Msomaji wa Usiku

Nimekaa paleee nasoma.

Nyonga Moja

Mkuu mleta uzi, hongera, lakini ushauri wako ni wa watu wa meza. Sisi wengine tunachomelea vyuma. Hakuna afisa utumishi, hakuna barua ya ajira, kuna msimamizi anayenyoosha kidole asubuhi: wewe, wewe na wewe. Ukisema una siko seli, kidole kinakuruka. Hakufukuzi, hana hata sababu ya kukufukuza. Kesho yake tu hakuoni.

Nilifanya hivyo miaka tisa. Nilimwambia mtu mmoja tu, mwenzangu wa genge, ili siku nikianguka kuwe na anayejua nipelekwe wapi na nisipewe nini. Huyo ndiye alikuwa "utumishi" wangu.

Kilichonitoa si kraisisi, yale mashambulizi ya maumivu. Ni nyonga. Nilianza kuchechemea, nikadhani ni uzito wa vyuma. Kumbe kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinakufa kidogo kidogo kwa kukosa damu. Daktari alipiga picha akaniuliza unapanda ngazi kweli na hii? Nilikuwa nimetoka kupanda ngazi asubuhi hiyo hiyo, na mtungi wa gesi begani. Sasa nina nyonga ya bandia upande mmoja, jina langu humu mmeshalielewa.

Leo nina karakana yangu ndogo. Sichomelei sana, napima, nachora, napanga, kijana anachomelea. Kanuni yangu ni moja: sichukui kazi ya haraka. Mteja akisema anaitaka keshokutwa namwelekeza kwa jirani. Nikiambiwa wiki moja nasema mbili, nikimaliza mapema anafurahi, nikilazwa hajui. Kwa hiyo mimi sijasema kwa mteja hata mmoja mpaka leo, na sioni nimekosea wapi.

Chupa ya Maji (mleta uzi)

@Nyonga Moja hujakosea mkuu, umenirekebisha. Hiyo wiki ya ziada ndiyo karatasi yangu, wewe umeiweka ndani ya tarehe. Kwa kibarua wa kutwa sina jibu zuri zaidi ya mwenzako mmoja wa genge.

Mafaili

Naongea kama mtu wa utumishi, miaka 15 upande huo wa meza. Mtanichukia, lakini nataka mjue mnavyoonekana kwenye karatasi.

Mtu akivunjika mguu akakosekana miezi miwili, ofisi nzima inampelekea kadi. Mwenye siko seli anakosekana siku mbili, anarudi, wiki tatu baadaye siku moja, anarudi, kisha nne. Jumla inaweza kuwa ndogo kuliko ya mguu, lakini karatasi inamsoma yeye kuwa ndiye tatizo. Kuna kipimo kinaitwa Bradford, sehemu nyingi wanakitumia. Unachukua idadi ya mara alizokosekana, unaizidisha kwa yenyewe, halafu unazidisha kwa jumla ya siku. Aliyekosekana mara moja siku 10: moja mara moja ni 1, mara 10, anapata 10. Aliyekosekana siku hizo hizo 10 lakini kwa mafungu matano: tano mara tano ni 25, mara 10, anapata 250. Siku zile zile, wakuu! Kipimo kilitengenezwa kukamata wanaokosekana vipande vipande, na siko seli inakosesha watu kazi vipande vipande. Programu haijui tofauti mpaka mtu aiambie.

Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya mleta uzi mimi naongeza ombi moja ambalo naona ndilo zito kuliko yote: siku zinazotokana na siko seli ziandikwe peke yake, zisichanganywe na mafua na dharura za kifamilia, na zisihesabiwe kwenye onyo la mahudhurio. Mliombe kwa maandishi. Msimamizi anayekuelewa leo mwakani atahamishwa, na huruma yake haibaki kwenye faili. Karatasi inabaki.

Kuhusu sheria, kila nchi na yake, angalieni ya kwenu. Lakini msidhani ni hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 27, unahusu kazi, na unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mwajiri anafanya marekebisho ya kufaa mahali pa kazi. Ugonjwa wa kudumu unaokuzuia kuishi na kufanya kazi kama wengine unaweza kuingia humo hata kama hutembelei fimbo. Uingereza, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kukuuliza afya yako kabla hajakupa kazi. Marekani nao wana sheria ya 1990 yenye sharti linalofanana na hilo, na nyingine ya 1993 inayompa mfanyakazi anayestahili hadi wiki 12 za ruhusa kwa mwaka, bila mshahara, na anaweza kuzichukua vipande vipande. Hizo "vipande vipande" ni za thamani kuliko hizo wiki 12.

Mleta uzi kusubiri barua ya ajira, alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Nina Wanne Tu

Mimi ni mwajiri mdogo, nina wafanyakazi wanne. Mmoja akikosekana nimepoteza robo ya duka zima. Nilikuwa na binti mwenye selimundu, mchapakazi kweli kweli, akiwepo anafanya kazi ya wawili. Sikujua anaumwa mpaka siku alipodondoka mbele ya mteja. Sikumfukuza, aliondoka mwenyewe kwa aibu. Nasema ukweli, angeniambia siku ya usaili, sijui kama ningemchukua. Lakini angeniambia mwezi wa pili, nilipokuwa nimeshamwona anavyofanya kazi, nisingekubali aondoke.

Chupa ya Maji (mleta uzi)

@Nina Wanne Tu asante kwa kutopaka rangi. Hilo la "mwezi wa pili" watu walisome mara mbili.

Ila kuna neno nalitilia shaka: "akiwepo anafanya kazi ya wawili". Mimi pia nilikuwa hivyo. Nikirudi kutoka wodini natafuna kazi kama mtu anayelipa deni, sinywi maji, sili kwa wakati, na deni hilo ndilo linanirudisha wodini. Hemoglobini yangu inacheza kati ya 7 na 8 siku nikiwa mzima, maana yake ninavyojisikia kawaida, mwenzangu angejisikia anaumwa. Huo uchovu watu wanauita uvivu. Nasi kwa kuogopa hilo neno tunajiua.

AS Tu

Jamani mimi si mgonjwa, nina AS, nimerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu. Nilikosa kazi kwenye kupimwa afya. Mwanamama wa dirishani akaniambia "una siko seli". Nikamwambia sina, nina kinasaba kimoja. Akasema hapa imeandikwa.

Muuguzi wa Zamu

@AS Tu pole, ulichofanyiwa ni kosa la zamani sana. Marekani miaka ya 1970 walipima watu kwa wingi, wakachanganya wenye kinasaba kimoja na wagonjwa, watu wakanyimwa kazi na bima. Chuo chao cha jeshi la anga kilikuwa kinawakataa wenye AS mpaka 1981. Na kuna kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa huko 1998, Norman-Bloodsaw: wafanyakazi wa maabara moja waligundua damu yao imepimwa mambo kadhaa bila kuambiwa, na kwa weusi likiwemo hilo la kinasaba cha siko seli. Mahakama ikasema hilo linagusa faragha ya mtu ya ndani kabisa.

AS kwa kawaida haikuzuii kazi. Tahadhari ipo kwenye mazoezi ya kupitiliza, joto kali na upungufu wa maji, kama mafunzo ya jeshi na michezo, na kwenye milima mirefu. Kukaa kwenye kompyuta au kuhudumia wateja hakuna shida. Omba majibu yako ya maabara yaliyoandikwa AS, na barua ya daktari ya mistari mitatu.

Sasa nirudi kwa wagonjwa, na mimi ni mmoja, SC, yaani kinasaba kimoja cha siko seli na kingine cha hemoglobini C. Mleta uzi kagusa choo akapita haraka, ngoja nisimame hapo, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wasimamizi. Figo zetu zinaharibika mapema katika sehemu inayokusanya mkojo uwe mzito. Kwa hiyo maji yanapita tu. Mwenzako akikaa saa nne bila kunywa, figo zake zinabana matumizi. Zako hazijui kubana. Unakojoa sana hata ukiwa na kiu, damu inakuwa nzito, chembe zinajikunja, umeshikwa. Ndiyo maana kazi ambayo huruhusiwi kutoka kwenye kiti, iwe ya simu, ya mashine au ya lindo, ni hatari kwetu kuliko kazi nyingi zinazoonekana nzito. Msimamizi akikunyima choo, amekunyima maji. Ukimweleza hivyo wengi wanaelewa, maana wao walidhani unakwepa kazi.

Zamu za usiku mimi nilifanya miaka minne. Kilichokuwa kinaniangusha ni kubadilishwa badilishwa: usiku mbili, mchana moja, usiku tena. Niliomba zamu za aina moja kwa mwezi mzima, nikapewa, nikatulia. Na wenzangu wa SC, macho! Sisi tunapata matatizo ya retina mara nyingi kuliko SS, na yanaanza bila maumivu. Ukiwa dereva au fundi wa vitu vidogo vidogo, kapimwe kila mwaka, usisubiri kuona ukungu.

Dawa za maumivu nazo. Ukimeza za jamii ya morfini usiendeshe gari wala mashine siku hiyo. Na kama kazini kwenu wanapima mkojo kutafuta dawa za kulevya, peleka cheti cha dawa KABLA ya kupimwa. Baada ya majibu kutoka, maelezo yako yanasikika kama kisingizio.

Mdadisi

Si nasikia kuna tiba mpya ya kumaliza kabisa? Mnahangaika na barua za nini?

Muuguzi wa Zamu

Ipo. Casgevy ilipitishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo. Wanachukua seli zako za uboho, wanazirekebisha, wanakurudishia. Katikati hapo unapewa kemo kali ya kuondoa uboho wa zamani, unakaa hospitali wiki kadhaa, na kurudi kazini ni suala la miezi. Kwa hiyo hata anayeipata anahitaji mwajiri aliyekubali kumsubiri. Barua iko pale pale.

Ambacho wengi tunacho karibu ni dawa ya haidroksiyurea. Utafiti wa watu wazima 299 uliochapishwa 1995 ulionyesha mashambulizi ya maumivu yanapungua karibu nusu. Inataka uvumilivu wa miezi na kupima damu mara kwa mara, haitumiki kwa anayetarajia mimba, na si kwa kujinunulia. Pigeni hesabu ya yule Bradford wa Mafaili mkipunguza "mara" kwa nusu.

Mafaili

Nimepiga. Mara nne siku 8 ni 128. Mara mbili siku nne ni 16. Nimecheka peke yangu ofisini.

Naanza Jumatatu

Mimi ndiye yule kijana aliyemtumia mleta uzi ujumbe faragha. Nimesoma yote. Nina miaka 23, SS, nimemaliza chuo, nimepata nafasi ya kuanza wiki ijayo kwenye takwimu. Nyumbani wanasema nikae tu, mtu kama mimi kazi ya nini. Nimelazwa mara mbili mwaka huu. Kwa kweli sijui kama wanakosea.

Mwalimu Chaki

@Naanza Jumatatu mdogo wangu, nikupe mtu mmoja. Mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu kuandikwa kwenye jarida la madaktari wa Magharibi, 1910, alikuwa mwanafunzi. Walter Clement Noel, ametoka Grenada kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Alilazwa huko 1904 muda mfupi baada ya kufika, na akaendelea kulazwa katika miaka yake ya chuo. Ile picha ya chembe zenye umbo la mundu, ambayo kila anayejua historia ya ugonjwa huu anaijua, ni damu yake. Watu wanamjua kwa damu. Mimi namjua kwa jingine: alihitimu 1907, akarudi Grenada, akafungua kazi yake ya meno, akaifanya mpaka alipofariki 1916 akiwa na miaka 32. Hakukuwa na haidroksiyurea, hakukuwa hata na jina la ugonjwa wakati anaanza kazi.

Sikudanganyi, miaka 32 ni michache, na alikufa kwa nimonia. Chanjo na antibiotiki wewe unazo, yeye hakuwa nazo. Lakini nyumbani kwenu wakisema mtu kama wewe kazi ya nini, mtu kama wewe aling'oa meno ya watu miaka mingi.

Mimi mwenyewe nafundisha, SS, miaka 19. Kusimama saa sita kulinipa kidonda cha kifundo cha mguu ambacho kilikaa miezi 14. Sasa nafundisha nimekaa kwenye kiti kirefu. Wanafunzi wameshazoea, wanakigombania nikitoka.

Nyonga Moja

Mdogo wangu takwimu ni kazi ya kukaa, shukuru. Mimi ningekuwa na cheti chako nyonga yangu ingekuwa ya kuzaliwa nayo.

Chupa ya Maji (mleta uzi)

@Naanza Jumatatu nakuwekea karatasi yangu, nimeongeza lile la Mafaili. Badilisha unavyotaka:

"Nina ugonjwa wa damu wa kurithi ambao niko chini ya matibabu. Ili nifanye kazi yangu kikamilifu naomba yafuatayo: kuwa na maji mezani na kwenda msalani bila kuomba ruhusa, kukaa mbali na hewa ya baridi ya moja kwa moja, kuhudhuria kliniki katika tarehe nilizoambatisha, siku nitakazougua kwa sababu hii ziandikwe peke yake. Nikiugua ghafla nitatoa taarifa kwa ujumbe kabla ya saa mbili asubuhi, na maelezo ya kazi zangu yatakuwa kwenye faili la pamoja. Nikizidiwa nikiwa kazini naomba apigiwe mtu huyu, na nipelekwe hospitali hii. Barua ya daktari imeambatishwa."

Ugonjwa sijautaja hata jina, barua ya daktari itautaja kwa anayehitaji kujua. Hakuna mundu wala mishipa.

Nina Wanne Tu

Hiyo ningeisaini nikiwa nimesimama.

Naanza Jumatatu

Wakuu mrejesho. Nimeanza. Barua ipo kwenye begi, siku ya tatu leo, bado sijaitoa. Msimamizi anaonekana mtu mzuri lakini naogopa kuanza na maombi matano.

Muuguzi wa Zamu

Anza na moja. Kiyoyozi kipo?

Naanza Jumatatu

Kipo. Juu ya kichwa changu.

Chupa ya Maji (mleta uzi)

Basi kesho asubuhi, kabla ya saa nne.